Milioni 48 za Butimba: Muundo wa namba kubwa

48,000,000 ni namba shufwa yenye tarakimu nane, inayopatikana kwa kuzidisha 48 kwa milioni moja. Jijini Mwanza namba hii inajulikana kwa lita. Ndiyo uwezo wa kuzalisha maji kwa siku wa chanzo cha Butimba, wilayani Nyamagana, kinachovuta maji ya Ziwa Victoria na kuyasafisha kwa ajili ya wateja wa Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza (MWAUWASA). Kabla ya Butimba, tegemeo kubwa la jiji lilikuwa chanzo cha Capripoint, chenye uwezo wa lita milioni 90 kwa siku.

Anayesikia "milioni arobaini na nane" kwa kawaida hupata picha ya wingi tu. Lakini kila namba nzima, iwe kubwa kiasi gani, ina muundo wake wa ndani. Muundo huo ndio unaoamua namba itagawanyika kwa nini, itaacha baki gani, na kama ina kipeuo cha pili kisicho na desimali. Muundo wa 48,000,000 unaweza kufumbuliwa kwa kalamu na karatasi, na zana zinazohitajika ni zilezile zinazofundishwa shule ya msingi: namba tasa, Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) na Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS).

Ukubwa wake

Lita 1,000 hujaza mita moja ya ujazo, kwa hiyo lita 48,000,000 ni mita za ujazo 48,000. Tangi la umbo la mchemraba la kutosha maji hayo lingehitaji urefu, upana na kina cha takriban mita 36.3 kila kimoja. Mbele ya ziwa lenyewe hicho ni kiasi kidogo mno. Yakitandazwa sawasawa juu ya uso wote wa Ziwa Victoria, wenye takriban kilomita za mraba 68,800, kina chake hakitafika hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Kwa mtu anayehesabu, mambo ni tofauti. Akianza na moja na kutaja namba moja kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, atafika 48,000,000 baada ya siku 555, saa 13 na dakika 20. Namba ya kiasi hiki haifahamiki kwa kuihesabu. Hufahamika kwa kuichambua.

Tarakimu nane

Katika 48,000,000, tarakimu 4 imekaa kwenye nafasi ya makumi ya mamilioni, 8 kwenye nafasi ya mamilioni, na nafasi sita zinazobaki zimejazwa sifuri. Kwa kifupi huandikwa 4.8 × 10⁷. Mfumo huu, ambao thamani ya tarakimu hutegemea mahali ilipokaa, ulikomaa India. Katika karne ya 9 ulielezwa kwa Kiarabu na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad, na baadaye ukaenea Ulaya kupitia tafsiri za Kilatini.

Sifuri sita za mwisho ndizo zinazovutia jicho kwanza, lakini si sifa ya kudumu ya namba hii. Zinatokana na desturi ya binadamu ya kuhesabu kwa makumi. Kompyuta, ambayo huhesabu kwa mfumo wa mbili, huiandika namba ileile hivi: 10110111000110110000000000. Hizo ni tarakimu 26, na sifuri za mwisho zimekuwa kumi. Katika mfumo wa tatu sifuri ya mwisho ingekuwa moja tu, na katika mfumo wa saba isingekuwepo hata moja. Mwonekano wa namba hubadilika kila mfumo unapobadilika. Kisichobadilika katika mifumo yote ni vigawo vyake tasa, na hivyo ndivyo vinavyoeleza kwa nini sifuri zinakuwa kumi hapa, sita pale na moja kwingine.

Vigawo tasa

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na zao hilo ni la aina moja tu ukiacha mpangilio wa kuziandika. Mizizi ya ukweli huu imo katika kazi za Euclid wa Alexandria, takriban mwaka 300 kabla ya Kristo. Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliuthibitisha kwa ukamilifu katika kitabu chake cha mwaka 1801.

Kwa 48,000,000 kazi ni nyepesi. 48 ni 2⁴ × 3. Milioni ni kumi iliyozidishwa kwa yenyewe mara sita, na kila kumi ni 2 × 5, hivyo milioni ni 2⁶ × 5⁶. Vikiunganishwa:

48,000,000 = 2¹⁰ × 3 × 5⁶

Yaani 1,024 mara 3 mara 15,625. Mstari huu mmoja una karibu kila kitu kitakachofuata. Sifuri moja ya mwisho katika mfumo wa kumi huhitaji 2 moja na 5 moja. Hapa kuna 2 kumi na 5 sita, kwa hiyo jozi zinazopatikana ni sita, na ndizo sifuri sita. Zinazobaki ni 2 nne na 3 moja, zinazofanya 48. Katika mfumo wa mbili, kila sifuri ya mwisho huhitaji 2 moja tu, na zote kumi zinatumika. Saba haimo kabisa, ndiyo sababu mfumo wa saba hauleti sifuri yoyote mwishoni.

Vigawo 154

Kigawo chochote cha 48,000,000 hutengenezwa kwa kuchagua ni 2 ngapi, 3 ngapi na 5 ngapi za kuchukua kutoka katika mstari ule. Idadi ya 2 inaweza kuwa kuanzia sifuri hadi kumi, yaani njia 11. Idadi ya 3 ina njia mbili, na idadi ya 5 ina njia saba. Jumla ya vigawo ni 11 × 2 × 7, sawa na 154. Kati ya hivyo 14 ni witiri na 140 ni shufwa.

Vigawo hivyo hujipanga katika jozi 77, na kila jozi inatoa mstatili wenye eneo la 48,000,000 na pande zisizo na desimali. Mstatili mrefu kupita yote ni wa 1 kwa 48,000,000. Ulio karibu zaidi na mraba ni wa 6,400 kwa 7,500.

Vigawo 154 ni vingi, lakini si vingi kuliko vyote kwa namba za ukubwa huu. 43,243,200, ambayo ni ndogo kuliko 48,000,000, ina vigawo 672. Siri yake ni kuwa na namba tasa za aina nyingi badala ya kurudia zilezile: 2⁶ × 3³ × 5² × 7 × 11 × 13. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye vigawo vingi kama vyake. Mhindi Srinivasa Ramanujan alizichunguza namba za namna hiyo katika makala aliyoichapisha mwaka 1915. Kwa hiyo msururu wa sifuri si kipimo cha wepesi wa kugawanyika. Sifuri huhakikisha 2 na 5 tu, wala haziahidi chochote kuhusu 3, 7 au 11.

Wanahisabati wa kale wa Kigiriki, akiwemo Nicomachus wa Gerasa takriban mwaka 100 baada ya Kristo, walizipanga namba kwa kujumlisha vigawo vyake bila kuihesabu namba yenyewe. Jumla ikiwa ndogo kuliko namba, namba ni pungufu. Ikiwa sawa, ni timilifu. Ikiwa kubwa, ni namba ya ziada. Vigawo vya 48,000,000, yenyewe ikiachwa, vinajumlika kuwa 111,919,828. Basi ni namba ya ziada, na ziada yake ni 63,919,828, kubwa kuliko namba yenyewe. Namba timilifu ni adimu mno. Kuanzia 1 hadi 48,000,000 zipo tano tu: 6, 28, 496, 8,128 na 33,550,336.

Kuigawa siku

Uwezo wa chanzo cha maji hutajwa kwa siku, lakini pampu na mabomba hupimwa kwa saa na kwa sekunde. Hapo ndipo vigawo tasa vinapoonekana kazini.

Siku ina saa 24, yaani 2³ × 3. Vigawo hivyo vyote vimo ndani ya 48,000,000, kwa hiyo jawabu ni kamili: lita 2,000,000 kwa saa. Siku ina dakika 1,440, yaani 2⁵ × 3² × 5. Hapa zinatakiwa 3 mbili, na 48,000,000 ina moja tu. Jawabu haliwezi kuwa namba nzima: ni 100,000 kwa 3, au lita 33,333 na theluthi moja kwa dakika. Siku ina sekunde 86,400, yaani 2⁷ × 3³ × 5². Zinatakiwa 3 tatu, ipo moja, zinapungua mbili. Hizo mbili zinabaki chini ya sehemu kama 9, na jawabu ni 5,000 kwa 9, sawa na lita 555.555… kwa sekunde, ambapo 5 hujirudia bila mwisho. Mgawanyo huu ndio uleule uliotoa siku 555, saa 13 na dakika 20 za mtu anayehesabu namba moja kila sekunde.

Kanuni iliyo nyuma yake ni ya jumla. Sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho hutoa desimali inayokoma endapo tu namba ya chini yake haina kigawo tasa kingine zaidi ya 2 na 5. Ikiwepo 3, 7 au nyingine yoyote, tarakimu zitajirudia bila kikomo. Mtu anaweza kujua hilo kabla hajaanza kugawa. Kama uwezo ungekuwa lita 43,200,000 kwa siku, jawabu lingekuwa lita 500 kamili kwa sekunde, kwa sababu namba hiyo ina 3 tatu zinazohitajika.

Mabaki

Jaribio la zamani la kugawa kwa 3 na kwa 9 ni kujumlisha tarakimu. Kwa 48,000,000 jumla ni 4 + 8, yaani 12. Kumi na mbili hugawanyika kwa 3, kwa hiyo namba nzima hugawanyika kwa 3. Ikigawanywa kwa 9, 12 huacha 3, na 48,000,000 nayo huacha 3. Sababu ni kwamba 10 ikigawanywa kwa 9 huacha 1, na vivyo hivyo 100, 1,000 na kila namba ya mlolongo huo. Kila tarakimu basi huchangia baki sawa na thamani yake yenyewe, popote ilipokaa.

Kwa namba zinazotajwa kwa mamilioni ipo njia nyingine isiyotumiwa sana darasani. 999,999 ni sawa na 3³ × 7 × 11 × 13 × 37. Maana yake ni kwamba milioni moja ikigawanywa kwa 7, kwa 11, kwa 13 au kwa 37, huacha baki la 1. Hivyo mamilioni yoyote kamili huacha baki lilelile linaloachwa na hesabu ya mamilioni hayo. Anayetaka kujua baki la 48,000,000 kwa 7 atazame 48 tu: baki ni 6. Kwa 11 baki ni 4, kwa 13 ni 9, na kwa 37 ni 11. Hesabu hizo zinafanyika kichwani bila kuandika sifuri hata moja.

Mabaki hujumlishika pia. Lita milioni 90 za Capripoint zikigawanywa kwa 7 huacha 6, sawa na za Butimba. Zikiunganishwa, mabaki hayo mawili yanafanya 12, na 12 ikiondolewa 7 hubaki 5. Ndilo baki la 138,000,000 kwa 7. Kwa njia hiyo mhasibu au mwalimu hukagua jumla ndefu bila kuirudia: mabaki yasipolingana, jumla ina kosa.

Miraba na michemraba

Namba ni mraba kamili endapo kila kigawo chake tasa kimejitokeza mara shufwa. Katika 48,000,000, 2 imejitokeza mara kumi na 5 mara sita, lakini 3 mara moja. Hiyo 3 ya pekee ndiyo inayoizuia. Kipeuo chake cha pili ni 4,000 mara kipeuo cha pili cha 3, takriban 6,928.2, na desimali zake hazikomi wala hazijirudii kwa mpangilio. Miraba kamili iliyo jirani ni 47,997,184, ambayo ni 6,928 × 6,928, na 48,011,041, ambayo ni 6,929 × 6,929. Ikizidishwa kwa 3, kizuizi huondoka: 144,000,000 ni mraba wa 12,000. Ili iwe mchemraba kamili kila kigawo kinapaswa kujitokeza mara tatu, sita, tisa na kuendelea, na kinachopungua ni 2 mbili na 3 mbili. Ikizidishwa kwa 36 hutoa 1,728,000,000, mchemraba wa 1,200.

Swali gumu zaidi ni kama namba inaweza kuandikwa kuwa jumla ya miraba miwili. Pierre de Fermat alitoa jibu katika karne ya 17, na Leonhard Euler akalithibitisha katika karne ya 18. Tazama vigawo tasa ambavyo vikigawanywa kwa 4 huacha 3, kama vile 3, 7, 11, 19 na 23. Kama kipo kimoja kilichojitokeza mara witiri, haiwezekani. 48,000,000 ina 3 mara moja, basi hakuna miraba miwili ya namba nzima inayojumlika kuifikia. 90,000,000 ya Capripoint ina 3 mara mbili, na kwake inawezekana: 9,000² + 3,000², yaani 81,000,000 na 9,000,000.

Kwa miraba mitatu, 48,000,000 ina njia ya wazi: 4,000² + 4,000² + 4,000². Kwa miraba minne hakuna namba nzima inayoshindwa. Joseph-Louis Lagrange alithibitisha hivyo mwaka 1770.

Namba mbili kwa pamoja

90,000,000 ni 2⁷ × 3² × 5⁷. KKS ya namba hizi mbili hupatikana kwa kuchukua kila namba tasa kwa idadi ndogo kati ya mbili zilizopo: 2⁷ × 3 × 5⁶, sawa na 6,000,000. KDS hupatikana kwa kuchukua idadi kubwa: 2¹⁰ × 3² × 5⁷, sawa na 720,000,000. Zao la KKS na KDS ni sawa na zao la namba zenyewe, na hiyo ni njia nzuri ya kuhakiki.

Zikigawanywa kwa KKS yao, namba hizo hubaki 8 na 15. Huo ndio uwiano wa Butimba na Capripoint, nao una sifa ya pekee: 8² + 15² = 17². Kwa hiyo pembetatu yenye pande mbili za 48,000,000 na 90,000,000 zinazokutana kwa pembe mraba, upande wake wa tatu ni 102,000,000 kamili.

Kuzidisha hutunza vigawo tasa, lakini kujumlisha huvivuruga. 48,000,000 na 90,000,000 zimejengwa kwa 2, 3 na 5 pekee. Jumla yake, 138,000,000, ni 2⁷ × 3 × 5⁶ × 23. Namba tasa 23 haimo katika yoyote kati ya hizo mbili, ila imezaliwa na jumla. Pengo hili kati ya kuzidisha na kujumlisha ndilo chanzo cha maswali mengi magumu ya hisabati. Mojawapo ni dhana iliyotolewa na Christian Goldbach mwaka 1742, kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Kompyuta zimeikagua na kuikuta kweli kwa kila namba shufwa hadi 4 × 10¹⁸, kwa hiyo ni kweli kwa 48,000,000. Uthibitisho unaoshughulikia namba zote bado haujapatikana.

Namba iliyopangwa na namba iliyohesabiwa

48,000,000 ilichaguliwa na watu. Mradi huanza na kiwango kinachokusudiwa, na kiwango huchaguliwa kiwe rahisi kutajwa na kugawanywa. Idadi ya watu haichaguliwi na mtu, huhesabiwa ilivyo. Sensa ya Agosti 2022 ilikuta watu 594,834 katika Wilaya ya Nyamagana, ambamo Butimba imo. Namba hiyo ni 2 × 3 × 99,139, na 99,139 ni tasa. Vigawo vyake vyote ni vinane tu. Kama ilivyo 48,000,000, nayo pia ni namba ya ziada, kwa kuwa kila kigawe cha 6 kikubwa kuliko 6 huwa hivyo. Lakini imezidi kwa 12 tu.

Mkoa mzima wa Mwanza ulikuwa na watu 3,699,872. Namba hiyo ni 2⁵ × 11 × 23 × 457, yenye vigawo 48. Kujitokeza tena kwa 23, na kwa 48 yenyewe, ni sadfa tupu. Katika namba zote, moja kati ya kila 23 hugawanyika kwa 23, na wingi wa watu haujui chochote kuhusu wingi wa lita.

Mwaka 1917 G. H. Hardy na Ramanujan walionyesha kwamba namba za kawaida huwa na aina chache mno za vigawo tasa, na kwamba idadi hiyo hukua polepole sana namba zinapokuwa kubwa. Kwa namba zilizo karibu na 48,000,000, kiwango cha kawaida ni takriban aina tatu. Kwa kipimo hicho 48,000,000 ni ya kawaida kabisa: ina 2, 3 na 5. Nyamagana nayo ina tatu, na mkoa una nne. Tofauti iko kwenye marudio. Ukihesabu kila kigawo tasa mara zote kilizojitokeza, 48,000,000 ina 17, mkoa una nane, na Nyamagana inabaki na tatu zilezile. Huo ndio mguso wa binadamu anayepanga kwa makumi: 2 na 5 zinarudiwa mara nyingi kuliko namba za kuhesabiwa zinavyofanya zenyewe.

Tofauti hiyo inaonekana mara mtu anapogawa. 48,000,000 ikigawanywa kwa 594,834, sehemu hurahisishwa kwa 6 na kubaki 8,000,000 kwa 99,139, takriban 80.7. Hii ni hesabu ya namba tu, si kipimo cha huduma, kwa sababu maji ya chanzo hayaishii katika wilaya moja. Lakini inaonyesha jambo la kudumu: 99,139 ni tasa, haigawanyiki na 2 wala 5, hivyo desimali za jawabu hazitakoma kamwe. Rasilimali iliyopangwa kwa namba ya mviringo, ikigawiwa watu waliohesabiwa mmoja mmoja, karibu daima huacha baki.

Majirani zake

Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo tasa cha pamoja. Kwa hiyo 47,999,999 na 48,000,001 hazigawanyiki kwa 2, kwa 3 wala kwa 5. Hilo halitoshi kuzifanya kuwa tasa. 48,000,000 huacha 6 ikigawanywa kwa 7. Ikiongezwa 1, baki linakamilika kuwa 7, na 48,000,001 ni 7 × 6,857,143. Euclid alitumia wazo hilohilo kuonyesha kwamba namba tasa hazina mwisho: zidisha namba tasa zozote ulizo nazo, ongeza 1, na namba utakayopata itakuwa na kigawo tasa ambacho hakimo katika orodha yako.

Namba tasa hupungua msongamano kadiri namba zinavyokuwa kubwa. Gauss na Adrien-Marie Legendre walihisi kanuni ya upungufu huo, na mwaka 1896 Jacques Hadamard na Charles de la Vallée Poussin waliithibitisha, kila mmoja kwa kazi yake. Kwa kanuni hiyo, karibu na 48,000,000 namba moja kati ya takriban kila 18 ni tasa.

Ugumu wa kuchambua

Kuichambua 48,000,000 kumechukua mistari michache, na haikuwa kwa sababu ni ndogo. Imekuwa rahisi kwa sababu namba tasa zinazoijenga ni ndogo. Kuthibitisha kwamba 99,139 ni tasa ni kazi ndefu zaidi, ingawa ni ndogo mara mia kadhaa: inabidi kujaribu namba tasa zote 65 kuanzia 2 hadi 313, kwa sababu kipeuo chake cha pili ni takriban 314.9. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa hiyo zikishindwa zote 65, kazi imekwisha.

Ugumu huo umegeuzwa kuwa kinga. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kuficha ujumbe inayotegemea zao la namba tasa mbili kubwa mno. Kuzizidisha ni kazi ya sekunde, lakini kuzipata tena kutoka katika zao lao kunaweza kushinda kompyuta zote zilizopo. Namba ya aina hiyo yenye tarakimu 250 ilichambuliwa mwaka 2020 kwa nguvu ya kompyuta nyingi zilizofanya kazi kwa pamoja. Namba yenye tarakimu 250 iliyoandikwa 48 na sifuri 248 ingechambuliwa na mwanafunzi wa shule ya msingi: ni 2²⁵² × 3 × 5²⁴⁸.

Namba tasa kubwa kuliko zote zilizokwisha kupatikana iligunduliwa Oktoba 2024. Ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 136,279,841, kisha ikatolewa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Kila tarakimu yake ikipewa lita moja, uzalishaji wa siku moja wa Butimba ungetosha kuziandika zote na kubakiza lita 6,975,680. Hata hivyo, namba hiyo yenye tarakimu zaidi ya milioni 41 ina vigawo viwili tu, na 48,000,000 yenye tarakimu nane ina 154. Urefu wa namba hausemi lolote kuhusu muundo wake. Muundo hujulikana kwa namba tasa zilizoijenga, na kwa 48,000,000 hizo ni tatu: 2 mara kumi, 3 mara moja na 5 mara sita.